Maudhi "Madogo Madogo" na Hesabu ya Mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini

Ukisoma taarifa za utekelezaji za halmashauri zetu na kufika kwenye changamoto za uzazi wa mpango, kuna maneno utakayoyakuta karibu kila mahali: uelewa mdogo wa jamii. Kwenye safu ya mkakati wa utatuzi utakuta: kuendelea kutoa elimu. Nimezisoma taarifa za namna hiyo kwa miaka kadhaa, nyingine zikiwa zimehamishiwa neno kwa neno katika tasnifu za wanafunzi wangu. Kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba maneno hayo yametusaidia sana sisi tulio ofisini na madarasani, na yamemsaidia kidogo mno mwanamke wa Mufindi, Kilolo, Rungwe au Mbarali.

Hoja yangu ni kwamba mwanamke huyo anaelewa vya kutosha. Anachokosa ni mtu wa kumsikiliza anaporudi kusema kwamba njia aliyopewa inamsumbua, na uhakika kwamba uamuzi wake hautamgharimu ndoa, kazi au heshima. Anayetaka kujua kwa nini wanawake wa Mbeya na Iringa wanatumia njia za kisasa, hawazitumii, au wamezianza wakaziacha, aanze na hesabu wanayoipiga wao wenyewe.

Tuanze na takwimu, kwa kuwa ndizo zinazoivua nguo sentensi ya uelewa mdogo. Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zimekuwa zikionyesha kwa miaka mingi kwamba karibu kila mwanamke wa Tanzania aliye katika umri wa kuzaa ameshasikia walau njia moja ya kisasa. Matumizi nayo yalipanda kwa muda mrefu: mwaka 1991-92 wanawake walioolewa waliotumia njia ya kisasa walikuwa takriban asilimia 7, na kufikia mwaka 2015-16 wakawa asilimia 32. Kisha mstari ukalala. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 31, ilhali lengo la taifa lilikuwa kufikia asilimia 45 ifikapo mwaka 2020. Katika kipindi hicho hicho redio ziliongezeka, simu zilifika hadi Makete, na shule za sekondari za kata zilijaa wasichana. Kama kikwazo kingekuwa kutojua, mstari huo ungeendelea kupanda. Mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa bado anasema anataka kupisha au kusitisha uzazi na hatumii njia yoyote. Huyo hahitaji kuhubiriwa faida za uzazi wa mpango. Anazijua, pengine kuliko mhubiri.

Watakuwapo watakaosema kwamba Nyanda za Juu Kusini si mahali pa kulalamikia. Ni kweli kwamba matumizi huku yako juu kuliko Kanda ya Ziwa na Kanda ya Magharibi. Lakini wastani ni shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Songwe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni katika utafiti wa mwaka 2022: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 22. Kutoka Mbeya mjini hadi huko ni safari ya basi ya saa chache kwenye barabara ile ile ya TANZAM.

Kabla sijafika kwenye kiini cha jambo, niondoe dhana moja inayopendwa na baadhi ya wanaharakati wenzangu, na kwa bahati mbaya inapendwa pia na wapinzani wao: kwamba kupisha uzazi ni fikra ya kigeni. Kiswahili kina neno kubemenda, na hakikuliazima Ulaya. Mtoto anayenyonya akidhoofika, watu waliuliza kama wazazi wamembemenda, yaani wamerudiana kimwili kabla mtoto hajakomaa. Tabibu wa leo atasema sababu ya kudhoofika ilikuwa nyingine, na yuko sahihi. Lakini aibu iliyobebwa na neno hilo ilimlinda mama kwa miaka miwili au zaidi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, aliandika juu ya mwiko uliozuia mzazi na mwanawe aliyeoa kuzaa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo palikuwa na namna ya kuachanisha watoto, na palikuwa na namna ya kufika tamati. Kilichovunjika ni masharti yaliyoubeba utaratibu huo: nyumba kubwa ya ukoo, bibi wa kulala na mtoto, mume mwenye wake wengine au aliyekwenda migodini Afrika Kusini na Zambia akakaa huko mwaka mzima. Mkulima wa viazi wa leo, anayelala chumba kimoja na mkewe majira yote ya baridi, ameachiwa aibu ya kale bila nyenzo za kuitekeleza.

Hapo ndipo ilipaswa kuingia njia ya kisasa. Nayo imekuja na msamiati wake, na ndani ya msamiati huo kuna maneno mawili ambayo, kwa maoni yangu, yamefukuza wanawake wengi kuliko padri na mume kwa pamoja. Maneno hayo ni "maudhi madogo madogo". Ndivyo tunavyoambiwa katika vipeperushi, katika redio na katika kliniki ya mama na mtoto: kuna maudhi madogo madogo, yatakwisha, mwili utazoea. Aliyebuni usemi huo bila shaka alikusudia kuondoa hofu. Lakini ni nani aliyeupima udogo huo, na kwa mizani gani?

Mchuma chai mmoja wa Mufindi, mama wa watoto wanne, aliwahi kunifafanulia mizani yake. Aliwekewa kijiti, akatokwa damu kidogo kidogo kwa wiki saba, siku nyingine ikikoma na kurudi kabla hajafua nguo za jana. Mchuma chai hulipwa kwa kilo alizochuma. Siku asizokwenda shambani hazina malipo, na siku alizokwenda hakuwa na mahali pa kujisitiri katikati ya mistari ya chai. Pedi ni fedha. Mumewe alianza kuuliza kulikoni kila siku yumo hedhini, swali ambalo katika ndoa nyingi ni utangulizi wa shutuma. Alirudi kituoni akaambiwa avumilie. Alirudi tena akaambiwa muda wa kijiti haujaisha na kifaa ni cha gharama. Mwishowe alilipa fedha zake kwingine kikatolewa, naye akarudi kijijini na simulizi yake. Majirani waliomsikiliza hawakudanganywa na uvumi. Walipewa ushahidi na mtu wanayemfahamu. Afisa atakapofika mwezi ujao na kipaza sauti kuwaelimisha, ataandika kwamba mwitikio ulikuwa hafifu kwa sababu ya imani potofu.

Sikatai kwamba imani potofu zipo. Nimesikia kwamba vidonge hujazana tumboni hadi vikafanya jiwe, na kwamba kijiti husafiri mwilini hadi kwenye moyo. Lakini hata uvumi una mbegu yake. Chukua sindano ya miezi mitatu. Kitabibu inafahamika kwamba mwanamke anayeiacha anaweza kukaa miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba, na kwamba hilo si ugumba. Msichana aliyeolewa karibuni Tukuyu, ambaye hakuambiwa jambo hilo, akikaa mwaka bila mimba huku mama mkwe akihesabu miezi, atahitimisha nini? Na shangazi zake wanaomwona watahitimisha nini? Wakisema sindano inaharibu kizazi, wamekosea sababu tu. Walichokiona wamekiona kweli. Zaidi ya theluthi moja ya wanaoanza njia fulani nchini huiacha ndani ya miezi 12, na hofu za kiafya na maudhi haya yanayoitwa madogo ni miongoni mwa sababu kubwa wanazozitaja. Watu hao walikwisha kuelimishwa, wakakubali na kufika kituoni. Tuliwapoteza baada ya hapo.

Nigeukie nyumbani, kwa sababu hesabu ya mwanamke haiishii mwilini mwake. Katika vijiji vyetu mtoto ni hati ya makazi. Mwanamke aliyeolewa katika ardhi ya ukoo wa mumewe, ambaye jina lake haliko popote kwenye karatasi ya shamba, huimarisha nafasi yake kwa watoto. Mume akifa, wanawe ndio sababu ya yeye kuachwa katika nyumba hiyo. Mwambie mwanamke wa namna hiyo kwamba watoto wawili wanatosha, naye atakutazama kama mtu anayemshauri abomoe ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Kwa hiyo wengi hutafuta njia ya katikati: wanapisha uzazi, lakini kwa siri. Siri ndiyo inayoeleza mengi tunayoyaona katika takwimu. Sindano ilipendwa kwa miaka mingi kwa kuwa haiachi alama wala paketi chini ya godoro. Kadi ya kliniki hubaki kwa jirani au kwa dada wa ubatizo. Siku ya tarehe huangukia siku ya gulio, ili safari iwe na kisingizio. Mvua ikikata barabara ya Kilolo, au akikuta dawa zimekwisha, hana namna ya kumwomba mumewe nauli ya kurudi wiki ijayo, na mimba huingia kupitia ufa huo.

Sheria na miongozo ya nchi yetu haimtaki mwanamke alete ridhaa ya mume ili apate huduma. Desturi ya kaunta ndiyo inayoitaka. Wako wauguzi wanaouliza, kwa sauti inayosikika hadi kwenye benchi la nje, kama baba anajua. Siwalaumu sana. Muuguzi wa zahanati ya kijiji anaishi na watu hao hao, na mume aliyekasirika atagonga mlango wake, si mlango wa Wizara. Hata hivyo ni lazima isemwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu watoa huduma wa Tanzania ulionyesha jinsi walivyokuwa wakiweka masharti yao ya umri, ndoa na idadi ya watoto ambayo hayamo kwenye miongozo yoyote. Ninapowasikiliza wanafunzi wangu wa kike, robo karne baadaye, naona masharti hayo yamezeeka lakini hayajafa. Msichana wa chuo akifika kuomba njia ya kudumu miaka mitatu huulizwa ameolewa na nani. Anaondoka, na wiki chache baadaye ananunua P2 dukani kama mtu anunuavyo dawa ya mafua, tena mara kwa mara, jambo ambalo vidonge hivyo vya dharura havikukusudiwa. Zikishindikana hizo, katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu inaharamisha utoaji mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, sote tunajua anakoelekea. Hatuhitaji unafiki wa kujifanya hatujui.

Na wanaume? Ni rahisi kuwafanya mahabusu wa makala kama hii, lakini mfumo wenyewe haukuwahi kuwakaribisha. Huduma za uzazi wa mpango ziliunganishwa na kliniki za mama na mtoto tangu mwaka 1974, na jina la kliniki linajieleza. Mwanamume aliyeketi kwenye benchi hilo anaonekana amepotea njia. Anayopewa ni mawili, kondomu na kufunga uzazi, na hili la pili kwenye vilabu vya ulanzi huitwa kuhasiwa, mjadala ukaishia kwenye kicheko. Hakuna anayemweleza mume wa Kilolo kwamba damu ya mkewe haina maana ya maradhi wala ya uzinzi. Kama kuna elimu ninayoweza kukubali kwamba imepungua, ni hiyo.

Kuhusu dini nitasema machache. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya misheni. Wamoravian wako Rungwe tangu mwaka 1891, Walutheri wametapakaa, na Iringa imelelewa kwa sehemu kubwa na Wakatoliki. Hospitali za misheni zimeokoa wanawake wengi kuliko hotuba zetu zote. Lakini vituo vya Kanisa Katoliki, kwa msimamo uliothibitishwa na Papa Paulo VI mwaka 1968, hufundisha njia za asili peke yake, na pale ambapo kituo cha namna hiyo ndicho kikubwa kilicho karibu, mwanamke anapaswa kuambiwa waziwazi ni zahanati gani ya serikali itakayompa njia nyingine. Kanisa lina haki ya msimamo wake. Halmashauri ndiyo yenye wajibu wa kuziba pengo, na waumini wenyewe, nionavyo, wameshalimaliza suala hilo kimyakimya.

Kuna jambo linalotutofautisha na mikoa mingine ambalo mijadala ya uzazi wa mpango hulikwepa. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya virusi vya UKIMWI nchini. Utafiti wa mwaka 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Katika mazingira hayo kondomu ndiyo njia pekee inayozuia mambo yote mawili, na ndiyo njia ambayo mwanamke aliyeolewa hawezi kuitaja. Akiitaja kwa dereva wa lori aliyerudi kutoka Tunduma, amemtuhumu. Au amejituhumu mwenyewe. Kijiti kinamlinda na mimba, kinamwacha wazi kwa virusi. Na kwa miaka kadhaa palikuwa na tatizo la kitabibu lililozungumzwa kidogo mno: dawa ya efavirenz, iliyokuwemo katika matibabu ya wengi kabla ya nchi kuhamia dolutegravir kuanzia mwaka 2019, hupunguza nguvu ya vipandikizi. Wapo wanawake walioshika mimba wakiwa na kijiti mkononi, nao wakaonekana mbele ya waume zao kuwa waongo na mbele ya majirani kuwa ushahidi kwamba vijiti ni bure. Kliniki ya tiba na matunzo na chumba cha uzazi wa mpango, ambavyo mara nyingi viko chini ya paa moja, vilipaswa kuzungumza.

Sasa dola. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, alikumbusha kwamba kuongeza watu kuna maana pale tunapoweza kuwatunza watoto tunaowazaa. Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ikaja mwaka 1992, ikafanyiwa mapitio mwaka 2006. Kisha Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais Magufuli aliwaelezea wanaotumia uzazi wa mpango kuwa wavivu wanaoogopa kulisha watoto, na katika mwezi huo huo Wizara ya Afya ilisimamisha matangazo ya redio na televisheni ya uzazi wa mpango yaliyofadhiliwa na Marekani. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani Geita, akawaasa wananchi wapunguze kasi ya kuzaa. Huduma haikufutwa kisheria wakati wowote kati ya hizo. Lakini watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua jinsi kauli ya juu inavyoteremka: haihitaji waraka. Muuguzi aliyesikia redioni kwamba kiongozi mkuu anaudharau mpango huo atapunguza sauti yake mwenyewe, na mume aliyekuwa akisitasita amepata hoja ya kufungia mjadala.

Hata hivyo kauli haikutugharimu kama utegemezi wetu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilikata misaada ya USAID, na katikati ya mwaka Marekani ikathibitisha mpango wa kuteketeza shehena ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya dola milioni 9.7 vilivyokuwa ghalani Geel, Ubelgiji. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango, ambalo UMATI ni mwanachama wake, zaidi ya sindano milioni moja na vipandikizi zaidi ya 365,000 katika shehena hiyo vilikuwa vya Tanzania, sawa na asilimia 28 ya mahitaji ya nchi kwa mwaka. Nimesoma malalamiko mengi dhidi ya Washington, na sina nia ya kuitetea. Swali langu linaelekea Dodoma na kwa wakurugenzi wetu: ilikuwaje sindano ya mama wa Mbarali ikawa inasubiri kwenye ghala la Ubelgiji? Taifa linalojenga reli ya kisasa kwa sehemu ya mapato yake haliwezi kushindwa kununua sindano.

Kwa wenzangu wa halmashauri nina maombi machache, na hakuna hata moja linalohitaji kongamano. Kila kituo kinachoweka vijiti kiwe na mtu na vifaa vya kuvitoa siku hiyo hiyo mwanamke atakapoomba, bila kuulizwa muda umebaki kiasi gani. Timu za huduma za mkoba zinazopita vijijini, zikaweka vijiti kwa siku mbili na kuondoka, ziache jina la kituo cha karibu kitakachovitoa. Anayelalamika damu apewe tiba au njia nyingine, na usemi wa maudhi madogo madogo ufutwe kwenye vipeperushi. Kiasi cha fedha za ndani za kununua dawa hizi kionekane kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, tena kitolewe, si kuandikwa tu.

Vitabu vya MTUHA vina mahali pa kumwandika aliyewekewa kijiti. Aliyeambiwa avumilie akaondoka hana mahali. Mipango ya mwaka mpya wa fedha huandaliwa kila mwaka kabla ya Julai. Atakayepewa kazi ya kujaza safu ya changamoto ajaribu kuyafuta maneno "uelewa mdogo wa jamii", kisha aende kituoni akawaulize waliorudi kulalamika kabla ya kuandika chochote mahali pake.